Kushuka Bure

Oliva mwanangu,

Mambo ya blanketi, dawa ya kikohozi na unga wa ulezi mama yako amekwisha kukuambia, tena mara tatu, nami nilikuwa nimekaa barazani nikisikia. Sina la kuongeza hapo. Wala huhitaji nikufundishe kuendesha. Siku ile uliporudisha tela kinyumenyume ndani ya ua wa mashine ya kusaga, watu wamejipanga wakisubiri kucheka, ukaliingiza mara moja bila kushuka kuangalia, nilijificha nyuma ya magunia nisionekane ninavyotabasamu. Wapo madereva wa miaka ishirini hapa Sumbawanga ambao wakiwa na tela nyuma hawawezi kurudi hata hatua mbili.

Nakuandikia kwa sababu ya neno moja ulilolisema leo mchana tukiwa tunakula. Ulisema Baba Gaudensi amekusifia tela utakalovuta ukifika Mbeya, kwamba ni jepesi, pikapu hata hailisikii, na mafuta yanakaa. Ulikuwa unacheka. Mama yako naye akacheka. Mimi nikarudisha tonge kwenye sahani, nikasema nimeshiba, nikatoka. Mlidhani ni uchungu wa kukuaga. Uchungu upo, lakini kilichoniinua pale ni hasira, na hasira hiyo nimekaa nayo miaka kumi na miwili.

Wewe ulikuwa darasa la tano. Unamkumbuka Gaudensi wa wakati ule, baba yako wa ubatizo, aliyekuwa akikubeba mabegani kutoka kanisani mpaka nyumbani huku ukimvuta masikio. Pikapu tulinunua pamoja, mimi na yeye, na tela tukalichonga pamoja kwa fundi wa kuchomelea. Watu walitushangaa kwa nini hatukununua lori. Lori likizama kwenye shamba la mtu wakati wa mvua, linakaa hapo wiki. Pikapu yetu ilikuwa na injini kubwa na miguu mirefu. Tuliweza kuliacha tela kijijini likipakiwa taratibu, sisi tukaenda kufanya kazi nyingine, tukarudi tukalikuta limejaa. Hiyo ndiyo raha ya pikapu na tela. Karaha yake ni kwamba gari lile likitembea tupu linakunywa karibu sawa na likiwa na kazi. Ukiona mtu ana pikapu kubwa ya kuvuta, naye anaipeleka misa ya Jumapili akiwa peke yake, kisha analalamika mafuta, mwonee huruma na umwache.

Tulikuwa na desturi yetu ya mafuta, na hapo ndipo ubaya ulipoanzia. Geji ilikuwa imekufa siku nyingi, kwa hiyo tulipima kwa ufito wa mwanzi, tunautumbukiza ndani ya tangi na kusoma ulipolowa. Tuliuchonga kwa kisu alama za mafuta yanayotakiwa kubaki gari likirudi: alama ya kurudi kutoka Kasesya, alama ya kurudi kutoka Kasanga. Mafuta ya safari yakishawekwa, yakibaki juu ya alama yalikuwa ya aliyeendesha siku hiyo. Tulidhani hiyo ni njia ya kufundishana kubana matumizi. Ilitufundisha kweli. Ilitufundisha kufanya lolote ili ufito urudi umelowa juu ya alama.

Mimi nikawa bingwa. Kila nilipoukuta mteremko nilitoa gia, nikaliacha gari liserereke lenyewe, injini inanguruma chini chini kama paka. Madereva tuliita kushuka bure. Nilianza kwa vilima vidogo vya huko Matai, nikaongeza, mpaka nikawa natoa gia nikiwa na tela lililojaa. Ndiyo maana wananiita Mzee Bure. Wewe toka utotoni ulidhani wananiita hivyo kwa kuwa nawapa watu lifti bila nauli, ukawa unajisifu shuleni kwamba baba yako ana moyo. Nilikuachia uamini hivyo. Jina lile lilinoga zaidi mdomoni mwako kuliko lilivyokuwa barabarani.

Na kitu chenyewe kilikuwa bure kwa maana ile nyingine. Baada ya ajali nitakayoifikia, nikiwa bado nimelazwa hospitali, fundi Kizito, yule wa pampu, alinieleza jambo ambalo kila dereva wa dizeli angepaswa kuambiwa kabla ya kupewa funguo. Alisema ukishuka na gia huku mguu umeutoa kwenye mafuta, magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini, na pampu inafunga, haimwagi kitu. Ukitoa gia, injini inabidi ijitafutie chakula chake yenyewe isizimike, kwa hiyo inakunywa. Miaka yote ile niliyojiona mjanja, ningeacha gia mahali pake ningetumia mafuta machache zaidi, na injini ingenisaidia kushika mzigo. Nilicheka kitandani mpaka nesi akaja kuuliza kuna nini. Kisha nililia, Oliva, sikufichi.

Mafuta yanayookolewa kweli yako kwingine, na hakuna anayekuita bingwa kwa kuyaokoa. Yako kwenye upepo mkali wa safu hii yetu ya milima, unaokupiga ubavuni kutoka Laela mpaka hapa. Magunia ukiyapanga marefu kupita paa la pikapu, unavuta magunia na unavuta upepo pia. Turubai likiachiwa kupigapiga, nalo ni mzigo. Matairi ya tela yakiwa malegevu, gari linatembea kama limo kwenye matope hata barabara ikiwa lami. Na usikubali kuhesabu magunia. Mfanyabiashara atakwambia gunia ishirini na tano, na ishirini na tano kweli utayaona, lakini kila moja ni lumbesa, limeshindiliwa na kuongezewa kichwa juu mpaka linashonwa kwa kamba za pembeni. Yeye anahesabu magunia. Springi za tela lako zinahesabu kilo. Tazama springi.

Sasa nifike kwenye tela.

Breki za tela letu zilikuwa zile zinazojikaza zenyewe: pikapu ikipunguza mwendo, tela linasukuma mbele, na msukumo huo unavuta waya mrefu ulio chini mpaka kwenye magurudumu. Ni breki nzuri zikitunzwa. Mwaka ule zilianza kung'ang'ania. Tela likawa linajivuta nyuma hata tukiwa tambarare, rimu zikawa za moto huwezi kuziwekea mkono, na ufito ukawa unarudi umelowa chini ya alama. Gaudensi akasema atalipeleka kwa fundi. Akalichukua asubuhi, jioni akalirudisha, akasema tayari.

Safari iliyofuata tulikwenda Kasesya na mahindi, njia ya juu juu isiyo na mteremko wa kutisha. Tela likawa jepesi. Gaudensi akiwa amekaa pembeni yangu alinipiga begani akasema, "Unaona? Jepesi, pikapu hata hailisikii." Tuliporudi, ufito ulilowa juu ya alama kwa upana wa vidole viwili. Nilifurahi kama mtoto. Dereva mwenye akili angejiuliza mbona akikanyaga breki hasikii tena tela likimshika kwa nyuma. Mimi nilisikia wepesi tu, na wepesi ndio niliokuwa nautaka.

Kwa nini sikuchungulia chini? Unazijua tabia zetu. Mtu mzima akikwambia ametengeneza, nawe ukalala chini kuangalia, umemwita mwongo mbele ya watu. Na huyu alikuwa mtu aliyekushika wewe kichwani padri akikumwagia maji. Nilimheshimu Gaudensi kuliko nilivyowaheshimu ninyi mliokuwa mnaningoja nyumbani. Hilo ni kosa langu, wala sitafuti wa kumbebesha.

Wiki iliyofuata tukapata mzigo wa Kasanga, mahindi ya kupakiwa kwenye boti za kwenda ng'ambo ya ziwa. Gaudensi alikuwepo wakati wa kupakia. Yeye ndiye aliyefunga turubai. Tukaondoka wote asubuhi, tukafika Matai, tukanywa chai na mihogo. Halafu akasema yeye anabaki hapo, kuna mtu anataka kuzungumza naye habari ya mzigo mwingine, nitamkuta nikirudi. Akachukua koti lake garini. Akafunga mlango, akaupiga kwa kiganja mara mbili kama tulivyozoea, maana yake nenda.

Unajua njia inavyoteremka kutoka huku juu kwenda ziwani. Nilifika kwenye mteremko nikatoa gia kama kawaida yangu. Kona ya kwanza nikapita. Ya pili nikakanyaga breki, pikapu ikapungua, tela halikupungua. Lilikuja na uzito wake wote, likaisukuma pikapu kwa nyuma mpaka usukani ukawa mwepesi mikononi. Nikakanyaga tena, nikasikia harufu ya kuungua. Nikajaribu kurudisha gia, gia ikakataa, inasaga tu meno. Kulia kulikuwa na bonde na kushoto ukuta wa mlima. Nikaipeleka pikapu ukutani. Tela likazunguka likaja kunikuta ubavuni, upande wa mguu wangu huu mbovu. Mahindi yalimwagika barabarani mpaka kona ya chini, na akina mama waliokuwa wakipanda na ndoo za dagaa ndio walionitoa.

Ya hospitali unayakumbuka, uliletwa ukasimama mlangoni ukakataa kuingia. Gaudensi alikuja kila siku, na uji wa ulezi kwenye chupa ya chai. Alinigeuza kitandani mama yako alipochoka. Mama yako mpaka leo humwombea kila Jumapili. Lakini huko sokoni, wenye mizigo walipomuuliza kulikoni, aliwaambia, "Alikuwa anashuka bure, mnamjua." Akaishia hapo. Na kwa kuwa ilikuwa kweli, nisingeweza kuikana. Hakuna aliyenipa tena mzigo wa kushuka nao popote. Pikapu ilipotengenezwa aliiendesha yeye, na baadaye sehemu yangu nikamwachia, akahamia nayo Mbeya. Mengine unayaona, magari aliyonayo sasa.

Fundi Kizito ndiye aliyelivuta tela lililovunjika. Nilipoanza kutembea kwa magongo aliniita gereji, akaniinamisha, akanionyesha chini. Waya wa breki ulikuwa mzima. Ulikuwa umechomolewa kwenye chuma chake, ukakunjwa vizuri, ukafungwa juu kwenye fremu kwa kipande cha mpira wa baiskeli. Waya hukatika, Oliva, haujifungi wenyewe. Na fundo lile nililijua, ni la mtu ambaye nimefunga naye turubai miaka sita. Kizito alisema kwake tela halikuwahi kuletwa, na hakuna fundi mwingine mjini aliyeliona. Kung'ang'ania kwa breki kulikuwa kunataka siku nzima ya kufungua, kusafisha na kukaza upya. Gaudensi alimaliza kwa fundo moja. Tela likawa jepesi.

Naweza kumwelewa kwa Kasesya. Kule ni tambarare, pengine hata mimi ningeshawishika. Ninachoshindwa ni asubuhi ile ya Kasanga. Alifunga turubai huku anajua. Alikunywa chai huku anajua. Kisha akachukua koti lake. Nimeligeuza koti hilo kichwani miaka kumi na miwili. Je, kulikuwa na mtu wa mzigo kweli pale Matai? Nikisikia watu wakisema fulani amenisaliti kwa maneno, nawaona wana bahati. Mimi nilisalitiwa kwa mtu kushuka garini na kuniaga vizuri.

Utaniuliza mbona nilinyamaza. Kwa sababu nikisema waya, wataniuliza gia. Ilinibidi nichague kati ya kumwaibisha yeye na kujificha mwenyewe, nikachagua kujificha. Nikamwacha aje Krismasi, nikamwacha akae kiti cha mbele, wewe ukimletea maji ya kunawa na kupiga goti, nami nikitazama mikono yake inavyonawa. Nilikuwa namchukia na namkatia nyama iliyonona. Hivyo ndivyo nilivyokulea, katikati ya uongo wa watu wazima wawili, na ukampenda mmojawapo kwa moyo safi kabisa. Hilo linaniuma kuliko mguu.

Leo baada ya chakula nilikwenda kumwona. Amefikia kwa dada yake huku huku Mazwi. Nilimkuta anafuta vioo vya pikapu mtakayoondoka nayo asubuhi. Akaniletea kiti, akaniuliza mguu unaendeleaje, kama anavyouliza siku zote. Nikamwambia mguu ndio ulionituma. Kisha nikamuuliza: "Gaudensi, pale Matai ulishuka kwa nini?"

Hakuuliza Matai ipi wala siku gani. Alikamua kitambaa mpaka maji yakaisha, akaendelea kukikamua.

"Niliogopa, kaka," akasema. "Lakini nilijua utashuka na gia. Kwa mzigo ule, nani angethubutu kushuka bure?"

"Na mimi nilijua tela lina breki," nikamwambia.

Baadaye alisema alitaka kuniambia tulipokuwa tunapakia, ila wapakizi walikuwa wamesimama pale, na yeye alikwisha kumwambia kila mtu kwamba fundi ameliona. Alisema aliona aibu. Alisema pia kwamba mtu wa mzigo hakuwepo. Aliyasema yote kwa sauti ndogo, na mwisho machozi yakamtoka, na mimi nilimtazama nikisubiri kusikia huruma moyoni mwangu. Haikuja. Aliogopa kwa ajili yake, akashuka. Kwa ajili yangu hakuogopa hata kidogo.

Nikamuuliza habari ya tela la Mbeya, hilo jepesi. Alifuta macho akaniambia liko sawa kabisa, fundi ameliona.

Mwanangu, ni maneno yale yale. Huenda safari hii ni kweli. Huenda kilio chake kilikuwa cha mtu aliyejifunza. Mimi siwezi tena kupima, nimeharibika katika hilo, na sitaki chuki yangu ikuendeshee gari. Sikuzuii kwenda. Kazi hii umeitafuta kwa jasho, na wanawake wanaopewa pikapu na tela kuvuta unaweza kuwahesabu kwa vidole. Lakini utakuwa unateremka kutoka Tukuyu kwenda Kyela na mzigo wa watu nyuma yako, na mteremko ule hauulizi nani ni baba wa ubatizo wa nani.

Kwa hiyo nakupa ruhusa ambayo hukuwahi kupewa nyumbani kwetu, ruhusa ya kukosa adabu. Mtakapofika Mbeya, mheshimu Gaudensi kama kawaida. Kisha, kabla hujagusa funguo, tandika kanga chini, lala chali, uingie chini ya tela mbele yake na mbele ya madereva wake wote. Ufuate waya kwa mkono kuanzia kwenye kiungo mpaka kwenye gurudumu la mwisho. Uguse fundo lolote utakalolikuta. Watu watacheka, na yeye atajisikia vibaya, pengine atasema sikukulea vizuri. Mwache aseme. Mwambie, "Baba ndiye aliyenituma, kwa kuwa yeye hakuchungulia." Na kila mteremko, kabla hujauanza, gia iwe ndani, ile ile ambayo ungepandia mlima huo.

Ukikuta waya umefungwa, usigombane, usiulize sababu. Chukua begi lako, nenda stendi, panda basi la Sumbawanga. Hakuna atakayekuuliza hapa kwa nini umerudi, kwa sababu wote tutakuwa tunajua. Mimi nimewaficha ninyi wawili, wewe na mama yako, kwa miaka mingi, na barua hii inakwambia wewe peke yako, jambo ambalo si haki kwa mama yako, aliyenigeuza kitandani mpaka akachoka na anayemwombea mtu asiyestahili kila Jumapili.

Mama yako yuko jikoni anakukaangia karanga za njiani. Wewe bado hujarudi kutoka kuwaaga wenzako. Namalizia hapa, niende nikakae naye, nimwambie yote ya Matai na yangu ya gia, na nimwache anione nilivyo.

Baba yako